Daftari la Mita

Baba hakuacha nyumba. Aliacha daftari,
jalada la buluu, kona zimeliwa na mende,
na ndani yake mji, mlango kwa mlango,
kwa mwandiko wa mtu aliyeandika akitembea.

Jumapili, saa moja asubuhi, raba miguuni,
sina wa kunitembeza, sina ramani ya rangi.
Naanzia alipoanzia yeye: Boma la Kale,
kuta za matumbawe, mlango mzito,
pembeni kaandika: "Hapa maji hayakatiki."

Napanda, napinda Mtaa wa Mosque.
"Velji, duka la saa. Mita iko nyuma ya ngazi.
Inama, usigonge kichwa."
Duka la saa siku hizi linauza miwani.
Ngazi ipo. Nimeinama.
Nimegonga kichwa.

Mchafukoge.
Jina hili alilipenda,
alilitamka kama anayemmwagia mtoto ndoo:
mchafu, koge! nasi tukikimbilia uani.
Ukurasa wake hauna neno, kachora tone tu.
Juu, roshani zenye maua ya saruji
na mwaka uliomezwa na chokaa;
viyoyozi vinadondosha maji utosini mwangu,
tone, tone, bila mita.

Mnazi Mmoja nimeukata nikiutafuta huo mmoja.
Kijana aliyetandaza viatu vya mtumba akacheka:
"Dada, sisi hapa tunahesabu wa kushoto na wa kulia."

Ng'ambo ya Lumumba kurasa zinajaa.
Nyumba za vyumba sita, ukumbi katikati,
kila chumba mpangaji,
bili moja, ugomvi mmoja.
"Mkunguni: mbwa."
"Mchikichi: wanadai mita ina jini."
"Sikukuu: hawana kitu. Nimewaachia mpaka mwezi ujao."
Mwezi ujao: "Nimewaachia."
Natafuta mbwa, naona lifti.
Natafuta jini, naona ghorofa kumi na mbili za mapazia
na mlinzi anayeuliza nimetumwa na nani.
"Nasoma mita," nikamwambia.
Akanitazama kama deni.

Halafu kuna nyumba moja.
Kila mwezi, miaka tisa,
baada ya namba ina neno moja.
Narung'ombe, kwa Bi Siwema: chai.
Machi, chai. Masika, mitaro imefurika, chai.
Mwezi wa Ramadhani kaweka nukta tu,
kalamu imekandamizwa hadi ukurasa wa pili.
Mama hakuwahi kuitaja Narung'ombe.
Alisema tu kwamba Baba
hapendi chai ya nyumbani.

Nyumba ipo.
Imebanwa na maghorofa mawili kama jino la mwisho,
bati limeiva kutu, baraza limepasuka,
ukutani kwa rangi nyekundu:
NYUMBA HII HAIUZWI.
Nikapiga hodi mara ya tatu, nikitamani wasisikie.

Akatoka mwanamke wa rika langu, ndoo tupu mkononi.
Bi Siwema? Mama alishatangulia, mwaka wa nne huu.
Akashika kiuno, kiwiko nyuma kabisa,
wanavyoshika shangazi zangu wa Kisarawe
na mtu mwingine yeyote sijamwona akishika hivyo.
"Nawe nani?"

Nilikuwa na majina matatu ya kumpa.
"Wa maji," nikasema.

"Wa maji! Yamekatika tangu juzi, ndio unakuja?"
Lakini akanipisha.
Uani, chini ya kifuniko cha chuma,
kioo kimeingia ukungu, namba zimesimama.
Nikazifuta kwa kidole gumba, nikaziandika
chini ya mwandiko wa Baba, na tarehe.
Kalamu ikabaki hewani.

Nyuma yangu akawa anasugua kikombe kwa majivu,
anauliza kama naweka sukari.

Nikaandika lile neno.
Tangawizi ilikuwa nyingi.