Mgeni Alipouliza

Mimi ni mchonga funguo. Kibanda changu
hakizidi upana wa mlango,
kimebanwa na duka la viatu huku, duka la simu kule,
na chini ya sakafu, kimo cha watu wawili hivi,
umelala uwanja wa Warumi.
Miaka thelathini na moja nimesimama juu yake
nikilalamikia unyevu.

Historia kwangu ilikuwa hiyo:
kitu kinachopanda ukutani, kinabambua rangi,
na manispaa ya Plovdiv haiji kukitazama.

Jumanne moja ya Aprili akaja binti wa Kikorea
na sanduku lenye kufuli lililogoma.
Nilipokuwa nikilichokonoa akauliza,
kwa Kibulgaria cha kitabuni, neno baada ya neno:
"Ukikaa juu kabisa, kwenye ukumbi wa mawe kule kilimani,
jioni unaona nini?"

Nikamjibu, "Milima."
Nilibahatisha.
Mara ya mwisho kukaa pale nilikuwa na miaka tisa, ziara ya shule,
na nilichokitazama ni shingo ya Snezhana Popova,
safu moja mbele yangu.

Akalipa, akashukuru, akaenda zake,
magurudumu ya sanduku yakigonga mawe ya barabara, ko ko ko,
nami nikabaki na tupa mkononi
kama mtu aliyeulizwa jina la mama yake akasita.

Saa tisa alasiri nikafunga.
Sijawahi kufunga saa tisa tangu tulipomzika baba.
Mkata tiketi ni Tsvetelina; kitasa cha nyumbani kwake nilikitia mimi.
"Metodi, nani kakuita? Mlango gani umekwama?"
"Hakuna. Nimekuja kuangalia."
Akanikagua kama anayetafuta dalili za homa,
kisha akanikatia tiketi ya wazee.
Nina miaka hamsini na nane. Nikapokea, kimya.

Jiwe lilikuwa na joto.
Hilo hakuna aliyewahi kuniambia.
Jua la mchana kutwa limetunzwa humo kama chai kwenye chupa.
Pamelika kidogo, panapokaa makalio,
na kwenye safu nyingine wamechonga majina ya koo,
kila ukoo na mahali pake:
kumbe hata wao waligombea viti!
Nikapitisha kidole ndani ya herufi. Aliyeifanya kazi ile
alikuwa na mkono; alijua wapi pa kukaza, wapi pa kulegeza.
Ningempa stuli kibandani kwangu bila kumdai cheti.

Chini, magari yalimezwa na handaki, moja moja.
Mbele, ndiyo, milima. Sikumdanganya.
Ila sikumwambia kwamba jua likishuka
zile nguzo nyeupe hugeuka rangi ya ganda la kitunguu,
dakika nne hivi, basi.
Sikumwambia kwa sababu sikuwa najua.

Nikarudi kupitia bustani ya Mfalme Simeoni,
ambayo maisha yangu yote ilikuwa njia ya mkato.
Wazee walikuwa kwenye sataranji, mmoja akimshutumu mwenzake kwa wizi wa farasi.
Mtoto alimlisha bata mkate aliokatazwa.
Nikanunua mbegu za alizeti, nikakaa,
nikatemea maganda kiganjani kama mgeni mwenye adabu.

Mgeni njoo, mwenyeji apone.
Sikujua nilikuwa naumwa.

Nyumbani Vesela akanusa pumzi yangu. "Umelewa?"
Jumapili nikampeleka. Alilalamikia ngazi,
akalalamikia viatu, akalalamikia bei ya maji,
akafika juu akanyamaza dakika nzima;
kwa ndoa yetu, dakika hiyo ingestahili uzio na mlinzi.

Unyevu bado upo.
Leo asubuhi umefika kwenye rafu ya makufuli.
Nilichukua kitambaa niupanguse,
kisha nikaweka kiganja ukutani, kikapoa,
nikasikiliza kidogo
kabla ya kuwasha mashine.