Swali la Kumi

Walisema nimejifungua.
Mbona basi kila mlango ndani yangu
ulijifunga siku ileile?

Ísafjörður, mwezi wa Novemba.
Jua hujificha nyuma ya mlima
na halirudi hadi Januari inakaribia kwisha.
"Ni giza tu, Steinvör," alisema mama mkwe,
"kunywa mafuta ya ini la samaki."
Nikanywa.
Giza la nje lilikuwa na saa zake.
La kwangu halikujua saa.

Nilimwogesha, nilimnyonyesha, nilimbadilisha nepi.
Mikono ilikwenda kama watu wa kiwanda cha samaki,
zamu kwa zamu,
wala hawamjui mwenye kiwanda.
Jina hana bado. Kwetu hatuna haraka, nikawaambia.
Kweli ni kwamba langu lilikuwa limenipotea,
ningempa yeye la wapi?

Jua likarudi. Mtaa mzima ukanukia chapati za maji,
nyembamba, zenye jemu;
majirani wakapiga makofi barazani.
Mwanga ukamgusa shavu mtoto
nami nikatazama
kama atazamaye picha ya watu asiowafahamu.
Hapo ndipo nilipoogopa.
Kumbe si jua.

Oddný, muuguzi, alikuja na karatasi ya maswali kumi.
Tisa niliyajibu kwa uongo, mwandiko mzuri.
La kumi, la kutaka kujidhuru,
kalamu ikagoma.
Hakunihimiza. Kahawa yake ikapoa.
Kisha: "Leo usiku utalala na nani nyumbani?"
Halafu: "Huu ni ugonjwa. Si kwamba humpendi."
Nikalia hadi maziwa yakalowesha blauzi.

Vidonge si muujiza. Wiki ya tatu
nililala saa nne mfululizo, nikaamka nikiona njaa.
Ketill ameshika zamu ya usiku wa manane, yeye na chupa,
na nyimbo zake zisizo na sauti nzuri.
Kila Alhamisi naenda kuzungumza
katika chumba chenye zulia baya la kijani.
Jumanne iliyopita nilirudi kulekule chini.
Nilimpigia Oddný. Alipokea.

Jana mtoto alipiga chafya, akajishtua mwenyewe,
nikacheka kabla sijajua ninacheka.
Dýrleif, nikamwita, kwa kujaribu tu.
Akageuka, au ni upepo.

Mlango mmoja umeachia upenyo.
Nimetia kiatu hapo
usije ukajifunga.