Usizime Mashine

Saa tatu asubuhi, Nyamugo. Lita mbili za esansi kwa deni,
na grupu imekubali kukohoa mara ya nne,
ndipo akaingia Ntakwinja, kitenge cha juzi, macho ya usiku kucha:
kaka yake Cirhuza anazikwa saa tisa,
nimchapie tangazo, nakala ishirini,
moja ya kanisani, moja ya sokoni,
zingine za wajomba wa Bagira
wasioamini msiba wa kuambiwa kwa simu.

Niliandika jina la marehemu. Jina tu.
Kioo kikageuka buluu:
*Tunaboresha. Usizime mashine.*
Asilimia moja.

Tunaboresha, nani? Mko wangapi humo ndani?
Hata mtoza kodi wa soko, na ubaya wake wote,
husimama mlangoni, hutaja jina lake,
ndipo huniibia.

Asilimia nne. "Ni ugonjwa?" akauliza Ntakwinja.
Ni wageni, nikasema.
"Wanakula nini?"
Mega zangu,
zile za Jumatatu, nilizonunua kwa pesa ya chumvi,
nikazibania hata picha ya mjukuu sikuifungua.
Wamezipata. Wanajua zilipo kuliko mimi.

Asilimia kumi na mbili.
Ikarudi kumi na moja.
Naapa, ikarudi.

Wiki iliyopita iliniuliza, siwezi kukana.
Vitufe viwili: *Sasa hivi. Baadaye.*
Nilitafuta *Hapana*. Nilitafuta chini, pembeni,
nikavaa miwani, nikafuta kioo kwa kanga.
Haikuwepo.
Marehemu mume wangu Bisimwa alikuja na mbuzi,
akakaa kwenye kigoda cha baba tangu asubuhi, jasho shingoni,
akingoja neno moja litoke kinywani mwangu,
na lingeweza kuwa lile lingine.
Ndiyo maana nilimpa hili.

Asilimia sitini na moja, esansi ikaisha.
*Usizime mashine.* Kaiambie grupu.

Basi nikavuta daftari.
Sista Mechtilde alituchapa vidole kwa ajili ya mwandiko huu wa kulala;
leo nimemsamehe kidogo.
Nakala ya nane nilikosea mwaka wa kuzaliwa, nikaukwangua kwa wembe.
Ya kumi na tatu ina doa, si la wino.
Ntakwinja alikuwa akizipuliza zikauke, moja moja,
kama anayepoza uji wa mtoto.
Kalamu haikuuliza niko wapi.
Saa saba na nusu akashuka na ishirini zake, mbio,
bila kunilipa, na sikumwita.

Umeme ulirudi saa tano ya usiku, ukaikuta peke yake,
ikamaliza ilichoanza, ikanimulikia:
*Karibu tena, Ingrid.*

Ingrid simjui. Mashine niliinunua kwenye ofisi ya wazungu
waliofunga mradi wakaondoka,
na jina lake nimelifuta mara tano; mara tano limerudi.

Barua zangu hazipo zilipokuwa.
Parsele za watu, ugomvi wa ndugu na ndugu,
maombi ya talaka ambayo hata padri hajaambiwa:
*Viko salama mawinguni.*
Nikafungua dirisha. Mawingu ya Bukavu nayafahamu.
Hayajawahi kututunzia kitu. Yanaachia vyote mtelemkoni,
na udongo juu yake, na nyumba mbili tatu.

Kisha, kwa sauti ya upole ya mtu anayeshika mfuko wako:
*Ingrid, turuhusu tukujue zaidi.
Uendako. Unachokisema. Unachokiandika.
Sasa hivi. Baadaye.*

Nikacheka, peke yangu, mpaka jirani akagonga ukuta.
Nikabonyeza *Sasa hivi*.
Wamjue basi. Wamfuate Ingrid hadi kitandani kwake,
wamuulize anatakaje chai.
Mimi ni Nabintu, na hilo sijaliandika humo.

Lakini kabla ya kulala nilikata plasta,
ile ya kidonda,
nikakiziba kile kijicho kilicho juu ya kioo.