Kopo la Mafuta ya Kitani

Spoki thelathini na mbili juu ya gazeti la jana,
na nje Kortrijk inalowa, Februari.
Wannes anataka gurudumu la nyuma kabla ya Jumamosi.
Jumamosi ni barabara ya mawe.

Nizipake nini hesi zake?

Grisi, asema Roeland wa duka la pili, nati itateleza vizuri.
Itateleza, ndiyo.
Iliyokuja kwa kuteleza, nani ataizuia kurudi hivyo hivyo?

Ipo gundi ya buluu, kichupa cha kidole gumba,
bei yake mlo wa mchana.
Hiyo hushika. Hushika hata kosa lako.

Mjomba Odiel hakupaka kitu, kavu kwa kavu.
Hesi zikilia kwikwi chini ya spana
naye akisema, acha chuma kijuane na shaba.
Gurudumu lake lilimwangusha baba. Nilikuwepo.

Basi nabandua kifuniko cha kopo la mama,
aliyechambua kitani kando ya mto Leie miaka kumi na tisa
na harufu yake haikumtoka hata kanisani.
Mafuta haya leo yanalainisha, kesho yanaganda,
ila ukirudi na spana mwakani
yatanung'unika kidogo, kisha yakupishe.

Nachovya, nafuta, nachovya.
Simu: Wannes. Tayari?
Bado, yanakauka.

Simwambii kuna moja, upande wa mnyororo,
sikumbuki kama niliichovya.