Kipimo cha Mkono

Juni, Tukuyu. Ukungu haubanduki hadi saa nne,
kila mtu kavaa sweta; nani amshangae
Tusekile akitaka mikono mirefu,
kola ifunike shingo?

Mimi fundi. Futi ilipomgusa bega
alishtuka kama kamwagiwa uji wa moto.
"Niliteleza kwenye chai," akasema.
Aprili ilikuwa ngazi.
Nyumba yao haina ngazi.

Sikumwambia vumilia. Sikumwambia ondoka.
Nilisimamisha cherehani, nikasema, "Nakuamini,"
ingawa la kweli hakuwa amelisema.
Akatazama vishazi sakafuni, muda mrefu.

Gauni liliisha Alhamisi.
Kwenye pindo, upande wa ndani, nimeshona kijimfuko:
mna ufunguo wa mlango wangu wa nyuma.

Usiku wowote, Tusekile.
Hodi si lazima.