Nilimchekesha Mimi

Mama yake alikuwa anachambua njegere za mbegu,
ungo magotini, moshi wa jikoni umetulia,
nje Matamba imejifunika ukungu wake wa Juni.
Lutengano, miaka miwili kasoro mwezi,
alikuwa amejaza shavu moja kama panya buku.
Nikamtekenya.
Ni hilo tu. Nikamtekenya kwapani, akacheka,
na kicheko kilipokuwa kinatoka
kitu kingine kilikuwa kinaingia.

Akapaliwa, midomo ikawa zambarau, akalia, akanyamaza.
Tukasema: imepita.
Kikohozi kikabaki.

Wiki ya kwanza, zahanati: kichomi.
Dawa ya maji, rangi ya waridi, tamu, akaipenda.
Wiki ya pili, kichomi kilekile, sindano tano.
Ndipo shangazi Edina akaja na neno lake:
"Hicho ni kimeo. Kimerefuka, kinamlambalamba koo.
Mzee Nkwama anakata kwa jogoo mmoja,
hata damu hutaiona."
Nami, Mungu anisamehe, nilimkamata jogoo,
nikamfunga miguu kwa kamba ya katani.
Nilitaka kiwe kimeo.
Kimeo hakina baba.

Usiku nililaza sikio kifuani pake.
Kushoto, pumzi kama ya mtoto yeyote.
Kulia, filimbi,
nyembamba, kama upepo unaopenya
tundu la msumari kwenye bati.
Mama yake akauliza gizani, "Unasikiliza nini?"
Nikasema, baridi.

Alfajiri nikamfungua jogoo,
tukaomba nafasi kwenye lori la viazi.
Kutoka Matamba kushuka Chimala kona ni hamsini na saba,
watoto wa shule huzihesabu kwa sauti.
Mimi nilizihesabu kwa filimbi.
Kona ya tisa, ipo. Ya ishirini, ipo.
Ya arobaini na moja, ikakatika.
Nikamlaza kifudifudi pajani, nikampiga mgongoni,
dereva akazima redio, akasimama katikati ya barabara,
nyuma yetu viazi vikiendelea kubingirika.
Ikarudi.
Sikuhesabu tena. Ziwe hamsini na saba, ziwe mia.

Mbeya, hospitali ya rufaa,
daktari wa masikio, pua na koo:
binti mdogo, Mwasenga, koti limemzidi mabega.
Aliinua picha ya kifua dirishani, hakuona kitu.
Njegere haina mfupa.
Akasikiliza kushoto. Akasikiliza kulia.
Akarudi kulia.
Kisha hakumuuliza mama, aliniuliza mimi:
"Siku ya kwanza kabisa, baba, alikuwa anafanya nini?"

Wiki tatu jibu hilo lilikuwa kooni mwangu,
nalo lilikuwa linavimba humohumo.
"Alikuwa anacheka. Nilimchekesha mimi.
Alikuwa na njegere mdomoni."
Mama yake hakunitazama.
Daktari akaandika, akasema tu,
"Ahsante. Sasa najua pa kwenda."

Wakamlaza usingizi wa dawa,
wakashusha bomba lenye taa mahali ambapo
hata mimi baba yake sikuwahi kufika.
Akatoka na kichupa.
Ndani yake njegere, ganda limepasuka ubavuni,
kubwa kuliko ilivyoingia.
"Mnaitaka?" akauliza.
Tukajibu pamoja, mmoja ndiyo, mmoja hapana.

Sasa ana miaka minne.
Mbegu zinakaa kwenye debe, darini,
na mama yake huzichambua mlango ukiwa na komeo.
Kuhusu siku ile hajanena neno.
Juzi tu alinipa ungo nimshikie.

Nikitaka kumtekenya Lutengano, namwambia kwanza, fungua mdomo.
Amezoea, anaona ni mchezo.
Anapanua mpaka macho yanafumba,
anainua ulimi, anasema aaa,
na kule ndani, nyuma kabisa, nakiona kimeo chake,
kizima, kinaning'inia, kinatetemeka kwa sauti,
hakijui jogoo alikuwa amekwisha kufungwa miguu.