Bamba la Kioo

Limepasuka pembeni. Nalishika kwa glovu
kama yai la kuku wa jirani.
Kwenye bahasha yake, wino wa Kidachi umefifia:
Bandari, asubuhi. Sandarusi, magunia arobaini.
Pembe, kumi na moja. Nta.
Watu hawakuhesabiwa.

Nalielekeza dirishani. Kila kitu kinyume:
mbingu nyeusi tii, maji kama lami,
bwana wa suti nyeupe ameungua makaa,
na mahamali wanang'aa kama chumvi.

Mpiga picha alijifunika shuka, akainamia sanduku lake,
akasema: Tulieni.
Pembe zikatulia.
Magunia yakatulia, na kamba, na mizani.
Lakini mwenye frasila tatu mgongoni hatulii;
akisimama, magoti yanaanza kumuuliza maswali.

Ndiyo maana Kondo wa Chaurembo, babu wa babu yangu,
kama kweli ni yeye,
amebaki ukungu, moshi wenye kiuno,
isipokuwa mguu wa kushoto.
Huo ulikanyaga ubao, ukamngoja mwenzake,
na kioo kikauwahi:
vidole vitano,
dole gumba limepinda nje.

Nilivua kiatu palepale ofisini.

Shangazi Tausi hataki kusikia.
"Dole gumba kila mtu analo," anasema,
akichambua mchele, hanitazami.
"Sisi tunamjua kwa harufu. Mama alisimuliwa na mamaye:
akirudi Gerezani, sandarusi ilikuwa kwenye kucha,
kwenye ndevu, hata kwenye mate yake.
Nenda kaipige picha hiyo."

Mchana simu inalia. Ni Pazi, mdogo wangu,
wakala wa forodha, yuko Kurasini.
Kanitumia picha ya kontena:
namba yake, kutu yake, lakiri haijaguswa.
Ukingoni, mkono wa mtu umekatwa kwenye kiwiko.

Huyo nani? naandika.
Nani?
Wa kiwiko.
Anachelewa kujibu.
Sijui, dada. Kibarua tu. Mzigo umefika salama.

Salama. Mji mzima umebebeshwa neno hilo.

Narudi kwenye bamba, nalipangusa vumbi kwa brashi laini,
najaza fomu mpya ya maelezo:
sandarusi, pembe, nta.
Halafu chini yake, kwa penseli,
maana humu wino hauruhusiwi,
naongeza:
mguu, mmoja.